Maswali ya Wasomaji: Taa Imefifia au Imefunikwa?

Barua tatu tulizozichagua mwezi huu zimetoka magharibi mwa nchi, yaani Ujiji, Kasulu na Tabora, na zote, kila moja kwa njia yake, zinahusu nuru inayobadilika ya vitu vya mbali angani viitwavyo kwasa. Tumezifupisha kidogo bila kugusa maswali yenyewe.

Barua ya kwanza: mwanafunzi wa kidato cha tano, Ujiji

Ndugu Mhariri, shikamoo. Baba yangu ni mvuvi wa dagaa, na tangu utotoni nimezoea kukaa ufukweni usiku na kutazama taa za wavuvi ziwani. Nimesoma kwamba iko kwasa iliyobadilika sura katika muda wa miaka 10 tu: nuru yake ilipungua, na baadhi ya mistari katika spektra yake (nuru yake iliyotawanywa kwa rangi) ikatoweka. Shuleni tumefundishwa kwamba mambo ya angani huchukua mamilioni ya miaka. Je, kitu kikubwa kiasi hicho kinawezaje kubadilika haraka hivyo? Na wataalamu wanajuaje kwamba hakikufunikwa tu na wingu lililopita mbele yake?

Jibu

Marahaba, kijana wetu. Nitaanza na swali lako la pili, kwa kuwa ndilo lililowashughulisha wanaastronomia kwanza, na kwa kuwa wewe uliyekulia Ujiji tayari unalo nusu ya jibu lake. Unapokaa ufukweni usiku usio na mwezi, karabai za wavuvi zikiwa zimetapakaa ziwani (najua siku hizi nyingi ni taa za betri, lakini uniruhusu nizungumzie karabai), na mojawapo ikafifia, mambo mawili yanawezekana. Ama mtumbwi mwingine umepita kati yako na taa hiyo, ama taa yenyewe imepungukiwa na upepo na hakuna aliyeipiga pampu. Ukiwa ufukweni huwezi kuamua kwa kuutazama mwanga huo peke yake. Lakini yupo anayejua mara moja, naye ni mvuvi aliyeketi karibu na taa. Kama ni mtumbwi uliopita, yeye anaendelea kumulikwa kama mwanzo na maji yanayomzunguka bado yanang'aa. Kama ni upepo uliopungua, giza limemfikia yeye kabla halijakufikia wewe. Kazi yote ya kupeleleza kwasa iliyofifia ni kumtafuta mvuvi huyo, yaani kitu kilicho jirani na taa, na kumwuliza anaona nini.

Sasa tuelewane taa yenyewe ni nini. Katikati ya galaksi kubwa, ikiwemo hii yetu ya Njia Nyeupe, kuna shimo jeusi, yaani kitu chenye mvutano mkali kiasi kwamba hata nuru haiwezi kuponyoka. La kwetu lina tungamo la Jua milioni 4 hivi, nalo limetulia kwa sababu hakuna gesi ya maana inayoliangukia. Kwasa ni kiini cha galaksi ambayo shimo lake linalishwa sawasawa. Gesi inayolielekea haianguki moja kwa moja, kwa kuwa tangu mwanzo ilikuwa na mwendo wa kuzunguka. Hivyo hujipanga katika umbo la sahani pana na nyembamba, tabaka zake zikasuguana, zikapata joto kali, zikang'aa, huku gesi ikisogea ndani polepole. Sahani hiyo hugeuza takriban sehemu moja ya kumi ya tungamo linaloingia kuwa nishati, ilhali muungano wa haidrojeni ndani ya Jua letu hugeuza asilimia 0.7 tu. Ndiyo maana kiini kimoja kinaweza kushinda kwa nuru nyota zote za galaksi yake zikijumlishwa pamoja.

Umeandika "kitu kikubwa kiasi hicho", na hapa naomba tusahihishane. Kwasa ina nguvu kubwa, lakini umbo lake ni dogo mno kwa vipimo vya galaksi, na jambo hilo lilijulikana kutokana na kubadilika kwake. Mwaka 1963 Maarten Schmidt, akitumia darubini ya Palomar yenye kioo cha meta 5 huko California, aliitambua kwasa ya kwanza, 3C 273, kitu cha 273 katika orodha ya tatu ya Cambridge ya vyanzo vya mawimbi ya redio. Nuru yake imesafiri zaidi ya miaka bilioni 2 kutufikia. Mwaka huohuo Harlan Smith na Dorrit Hoffleit walifukua sahani za kioo za picha zilizohifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Harvard tangu mwishoni mwa karne ya 19, wakaitafuta 3C 273 katika kila moja, wakagundua kwamba mwangaza wake umekuwa ukipanda na kushuka miaka yote hiyo bila mtu kujua. Hoja inayofuata ni rahisi. Kitu chenye upana wa miaka ya nuru 1,000 (mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja) hakiwezi kufifia chote, machoni petu, katika mwaka mmoja, kwa sababu nuru ya upande wake wa nyuma huchelewa kutufikia kwa miaka 1,000 kuliko ile ya upande wa mbele, na badiliko lolote lingetandazwa katika muda wote huo. Kikibadilika katika mwaka mmoja, basi upana wake hauzidi mwaka mmoja wa nuru au karibu na hapo. Ile sehemu ya sahani itoayo nuru tunayoiona kwa darubini za kawaida hukadiriwa kuwa na upana wa siku chache tu za nuru.

Kwa hiyo kubadilika kwenyewe si ajabu. Kwasa karibu zote hupanda na kushuka kwa asilimia 10 au 20 katika miezi au miaka, kama moto wa kuni unavyochezacheza. Kilichowashangaza wataalamu ni spektra.

Nuru ya kwasa ikipitishwa katika chombo cha kuitawanya rangi, tunaona mambo matatu. Kwanza kuna nuru ya samawati isiyokatika, ambayo hutoka kwenye sahani. Juu yake huinuka mistari mipana ya haidrojeni na elementi nyingine, inayotoka katika mawingu ya gesi yaliyo jirani na shimo jeusi na yanayolizunguka kwa kasi ya maelfu ya kilometa kwa sekunde. Mistari hutanuka kwa sababu baadhi ya mawingu yanatujia na mengine yanatukimbia. Kisha kuna mistari myembamba, hasa ya oksijeni, ambayo hutoka katika gesi iliyotulia mbali zaidi, umbali wa mamia au hata maelfu ya miaka ya nuru. Gesi zote hizo hazina moto wake zenyewe. Zinang'aa kwa kumulikwa na sahani. Unaona tunakoelekea: wale ni wavuvi wetu, mmoja ameketi karibu na karabai na mwingine yuko mbali, nusu gizani.

Kwasa uliyosoma habari zake huenda ni ile iliyoandikwa J0159+0033 katika orodha ya mradi wa Sloan Digital Sky Survey, ambao hutumia darubini ya meta 2.5 iliyoko Apache Point, New Mexico, Marekani. Mradi huo ulipima spektra yake mwaka 2000, na kwa bahati njema ukaipima tena mwaka 2010. Stephanie LaMassa na wenzake walipoziweka spektra hizo mbili pamoja, waliona kwamba nuru ya sahani ilikuwa imeshuka karibu mara 6, mstari mpana wa haidrojeni uitwao H-beta umetoweka, na ule wa H-alfa umebaki kivuli chake. Mistari myembamba ya oksijeni ilikuwa palepale, haijatikisika. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2015, na tangu hapo vitu vya aina hiyo huitwa kwasa zinazobadili sura. Napenda kulisisitiza jambo moja ambalo magazeti hulipita haraka: hakuna aliyeketi akiivizia kwasa hiyo. Ugunduzi ulikuwa umelala katika hifadhi ya vipimo kwa miaka kadhaa, kama zile sahani za kioo za Harvard.

Mshukiwa wa kwanza alikuwa wingu la vumbi, kama ulivyofikiri wewe. Watu wa Kigoma na Tabora wanalifahamu jua la mwezi wa nane na wa tisa, wakati moto wa pori unapoijaza hewa moshi: jua hupungua ukali na wakati huohuo huwa jekundu, kwa kuwa chembe ndogo huzuia nuru ya samawati kuliko nyekundu. Vumbi la angani hufanya vivyo hivyo, na kwa sababu hiyo linaacha alama inayokokotoleka. Ukijua limepunguza nuru ya sahani kwa kiasi gani, unaweza kukadiria lingepaswa kuipunguza mistari kwa kiasi gani, na kwa J0159+0033 hesabu hizo mbili hazikukubaliana. Tena, mionzi yake ya eksirei ilikuwa nayo imepungua, lakini haikuonyesha dalili ya kupenya katika gesi nzito. Na wingu lenyewe lingehitaji kuwa kubwa la kutosha kulifunika eneo lote la mawingu yatoayo mistari mipana, huku likiwa nje ya eneo hilo, ambako mwendo wa kuzunguka ni wa polepole zaidi; wingu la namna hiyo haliwezi kukatiza mbele ya taa kwa haraka iliyohitajika.

Ushahidi ninaouona mimi kuwa mzito kuliko wote ni wa mvuvi. Kuizunguka sahani, nje ya yale mawingu yaendayo kasi, kuna pete nene ya vumbi ambayo hupashwa joto na sahani na kulirudisha joto hilo angani kama miali ya infraredi, isiyoonekana kwa macho. Kama wingu limesimama kati yetu na taa, pete hiyo haina habari, na ingeendelea kutoa joto lake kama kawaida. Setilaiti ya WISE, iliyorushwa na NASA mwaka 2009, ilipima miali hiyo kwa mbingu zote hadi ilipostaafu mwaka 2024, na viini kadhaa vya galaksi vilivyobadili sura vilipochunguzwa katika vipimo vyake, infraredi yao ilionekana kupanda na kushuka ikiifuata nuru ya kawaida kwa kuchelewa kidogo, sawasawa na muda unaohitajika nuru kutoka kwenye sahani hadi kwenye pete. Mvuvi alikuwa ameona giza. Taa ilikuwa imefifia yenyewe, na mistari mipana ilitoweka kwa sababu mawingu yaliyo jirani yalikosa mwanga wa kuyaamsha. Ile myembamba ilibaki kwa sababu gesi yake iko mbali mno kiasi kwamba habari za kufifia bado ziko njiani kuifikia.

Hapo ndipo swali lako la kwanza linapokuwa gumu, na sitakuficha kwamba bado ni gumu hata kwa waliobobea. Ili taa ififie, gesi inayofika katikati ya sahani inapaswa kupungua. Lakini gesi husogea ndani polepole sana. Kwa shimo jeusi lenye tungamo la Jua milioni 100 au zaidi, hesabu za kitabuni zinadai kwamba upungufu ulioanzia kwenye sehemu za sahani zitoazo nuru ya kawaida utahitaji maelfu ya miaka, na mara nyingi makumi ya maelfu, hadi uonekane. Sisi tumeona miaka 10. Tofauti ya kiwango hicho haiwezi kuzibwa kwa kurekebisha tarakimu. Ni dalili kwamba ile picha ya sahani tulivu na nyembamba inakosa kitu.

Kuna waliodhani kwamba J0159+0033 haikufifia, bali ilikuwa imewaka isivyo kawaida: nyota iliyokaribia shimo jeusi iliraruliwa, mabaki yake yakatoa nuru kwa miaka michache, na mwaka 2010 hali ilikuwa inarudi ya kawaida. Kwa kwasa moja maelezo hayo yanawezekana. Mimi huyapa uzito mdogo ninapozitazama zote kwa pamoja, kwa sababu kuna viini ambavyo hubadilika na kurudi. Galaksi ya Mrk 1018 iligeuka kutoka sura hafifu kwenda sura kamili mwanzoni mwa miaka ya 1980, ikang'aa kwa takriban miaka 30, kisha mwaka 2015 ikakutwa imerudi ilikotoka. Nyota ikishararuliwa haiwezi kuraruliwa tena.

Wengi sasa wanaelekea kwenye maelezo ya aina nyingine, kwamba joto husafiri ndani ya sahani haraka kuliko gesi yenyewe, au kwamba sumaku iliyonaswa katika gesi inainyanyua sahani ikawa nene na hivyo kuongeza kasi ya mabadiliko. Mfano ulio wazi ni galaksi ya 1ES 1927+654, iliyo umbali wa miaka ya nuru milioni 236. Mwishoni mwa mwaka 2017 nuru yake ilianza kupanda hadi karibu mara 100, miezi michache baadaye mistari mipana ikajitokeza mahali ambapo haikuwepo, na mwaka 2018 eksirei yake ikazimika karibu kabisa kabla ya kurudi tena. Baadhi ya watafiti wanaamini kwamba hapo ncha za sumaku ya sahani zilipinduka, ya kaskazini ikawa kusini. Wengine bado wanasema ni nyota iliyoraruliwa.

Liko pia jambo linalonivutia kwa kuwa linafanana na karabai. Kila shimo jeusi lina kikomo cha mwangaza, ambacho kikipitwa, msukumo wa nuru huifukuza gesi inayoingia. Kwasa nyingi zinazobadili sura hung'aa kwa kiasi kidogo cha kikomo hicho, baadhi yao kwa asilimia 1 hivi au chache zaidi, na mashimo meusi madogo yaliyotokana na nyota nayo hubadili tabia karibu na asilimia hizohizo. Mwulize baba yako: karabai iliyojaa upepo hutulia, na ile iliyobakiza kidogo ndiyo inayoanza kupepesa.

Leo kwasa na viini vya namna hii vinavyojulikana vimefikia mamia, wengi wao wakiwa wamepatikana kwa njia ileile ya kulinganisha vipimo vya zamani na vipya. Kituo cha Vera C. Rubin kilichoko Cerro Pachón nchini Chile, chenye kioo cha meta 8.4, kilitoa picha zake za kwanza Juni 2025, na kimekusudiwa kuipiga picha anga ya kusini tena na tena kwa miaka 10. Hata hivyo kituo hicho hupima mwangaza tu. Spektra italazimika kuchukuliwa na darubini nyingine, na hizo ni chache kuliko kazi inayozingoja.

Barua ya pili: muuguzi, Kasulu

Ndugu Mhariri, nikiwa zamu ya usiku hutoka nje kupunga upepo, na mara nyingi huona nyota moja chini karibu na vilima ikibadilika kuwa nyekundu, kijani na samawati kwa haraka. Je, hiyo ni kwasa? Kama siyo, naweza kuiona kwasa kwa macho?

Jibu

Hiyo siyo kwasa, dada (au kaka, kwa kuwa barua haikusema). Ni nyota ya kawaida yenye mwanga mkali ambayo nuru yake inapita katika hewa nene ya karibu na upeo wa macho. Tabaka za hewa zenye joto tofauti huipindapinda na kuitenganisha rangi. Nyota hiyohiyo ikipanda juu itatulia. Mabadiliko ya kwasa ni ya siku, miezi na miaka, na huonekana kwa vipimo tu.

Kwa macho matupu hutaiona. Ile 3C 273, ambayo ndiyo inayong'aa kuliko kwasa zote angani kwa jinsi inavyoonekana kutoka hapa duniani, ni hafifu zaidi ya mara 500 kuliko nyota hafifu kabisa ambayo jicho zima linaweza kuiona usiku wa giza. Lakini darubini ya mtazamaji wa nyumbani yenye kioo cha sentimeta 20 inatosha, na ninyi wa Kasulu mna bahati ya mahali: 3C 273 iko katika kundinyota la Mashuke, na mwishoni mwa mwezi Mei, mnamo saa tatu usiku, inapita karibu kabisa na utosi. Utakachokiona ni nukta tu, isiyo na tofauti na nyota za jirani, kwa hiyo utahitaji ramani nzuri ya anga.

Iko kwasa moja iliyokaribia kuvunja utaratibu huo. CTA 102, ambayo nuru yake imesafiri takriban miaka bilioni 8, kwa kawaida haionekani ila kwa darubini kubwa, lakini mwishoni mwa Desemba 2016 mwangaza wake ulikuwa umepanda zaidi ya mara 100, hata watazamaji wa majumbani wakaweza kuiona. Sababu yake haimo kati ya zile mbili nilizompa kijana wa Ujiji. Kwasa hii hurusha mkondo mwembamba wa gesi kwa mwendo unaokaribia ule wa nuru, karibu kutuelekea sisi, na watafiti waliouchunguza mlipuko huo walieleza kwamba mkondo huo umejipinda, na kwamba wakati ule sehemu yake moja iligeuka ikatuelekea barabara, kama tochi ya mvuvi inayokupiga machoni akigeuka. (Kwa wapenda visa: mwaka 1965, mawimbi ya redio ya CTA 102 yalipoonekana kubadilika, wanaastronomia wa Kisovieti walifikia hata kudhani kwamba ni ishara za viumbe wenye akili. Ilikuwa kwasa tu.)

Barua ya tatu: mwalimu wa fizikia wa sekondari, Tabora

Ndugu Mhariri, wanafunzi wangu wamenibana. Wanasema, kama nuru ya kwasa imesafiri miaka bilioni kadhaa, kuna maana gani kusema ilibadilika kati ya mwaka 2000 na 2010? Pia wanauliza kwa nini mstari wa H-beta, ambao vitabuni ni wa nanomita 486, katika michoro ya kwasa huonekana mahali pengine. Naomba msaada.

Jibu

Mwalimu, maswali hayo mawili ya wanafunzi wako ni swali moja, na ninashuku kwamba aliyeuliza la pili hakujua kuwa anamsaidia wa kwanza.

Chukua mfano wa barua zinazotumwa kwa treni kutoka Dar es Salaam hadi Tabora. Mtu akiposti barua mbili kwa kupishana siku 10, na kila treni ikitumia muda uleule njiani, nawe utazipokea kwa kupishana siku 10, hata kama safari ingechukua mwaka mzima. Urefu wa safari hauathiri nafasi iliyopo kati ya barua na barua. Kwa maana hiyo ni halali kusema tuliona badiliko kati ya 2000 na 2010, ingawa lilitokea takriban miaka bilioni 3.5 iliyopita, kabla hapa duniani hapajawa na mnyama wala mti. Wanaastronomia huandika tarehe za kupokea, kama karani wa posta anavyogonga mhuri siku barua inapofika.

Lakini ulimwengu unatanuka, na hapo mfano wetu unahitaji kurekebishwa. Tuseme reli yenyewe inarefuka treni zikiwa njiani. Treni ya pili, iliyoondoka siku 10 baada ya ya kwanza, itakuta mwanya kati yake na mwenzake unazidi kupanuka, na itafika ikiwa imechelewa zaidi ya siku 10. Mawimbi ya nuru ni treni za namna hiyo, zinazofuatana kwa ukaribu sana. Mwanya kati ya wimbi na wimbi hutanuka njiani, nasi huupima kama urefu wa wimbi uliosogea kuelekea wekundu. Kwa J0159+0033 kila mwanya umetanuka mara 1.312, namba ambayo hapa tutaiita kipeo. Zidisha nanomita 486.1 kwa 1.312 utapata karibu 638, na hapo ndipo mstari wa H-beta unapotafutwa katika spektra ya kwasa hiyo: rangi iliyokuwa kati ya samawati na kijani ilipoondoka inatufikia ikiwa nyekundu. Wanafunzi wako wanaweza kufanya hesabu hiyo kwa kinyume pia, yaani wapewe 638, watambue mstari ni wa haidrojeni, kisha watafute kipeo. Ndivyo Schmidt alivyofanya na 3C 273, ambayo kipeo chake ni 1.158, na ugumu wake ulikuwa ni kukubali kwamba mistari ile isiyoeleweka ni haidrojeni ya kawaida iliyohama.

Sasa uwaambie kwamba kipeo hichohicho hutanua kila kitu kinachofuatana njiani, liwe wimbi na wimbi au mwaka na mwaka. Miaka 10 tuliyoihesabu sisi kati ya spektra mbili ni 10 gawanya kwa 1.312 kwa saa ya huko ilikotoka, yaani miaka 7 na miezi 7 hivi. Kwa hiyo swali la wanafunzi wako halimpunguzii mzigo yule kijana wa Ujiji aliyeuliza jambo hilo linawezekanaje kwa haraka namna ile. Linamwongezea, kwa kuwa sahani ambayo vitabu vinaipa maelfu ya miaka ilifanya kazi hiyo katika muda usiofika miaka minane.